Chubwi za Risasi: Moto, Kalibu na Jivu Lake

Mwangaluka, wazee wangu. Mama zangu wa chanja za dagaa, shikamooni. Vijana wa mitumbwi, poleni na kazi.

Tumeichagua wiki hii kwa sababu mwezi ni mpevu. Taa haimvuti dagaa juu ya maji yaliyokwisha kuwa meupe, mitumbwi imelala, nyavu ziko mchangani zinatiwa viraka, na kila mwenye wavu anahesabu chubwi zilizokatika. Siku kama hizi ndipo mtu huteleka sufuria mkaani nyuma ya kibanda, akatupia humo vipande vya risasi, akaanza kumwaga. Kazi hiyo ndiyo iliyotuleta.

Kiswahili kimetupa neno moja, risasi, kwa metali na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu. Habari za bunduki tuziache, zina leseni zake na sheria zake. Sisi tunasema risasi ya wavu, ambayo watu wa pwani huiita chubwi, na leo tutatumia jina hilo ili tusichanganye metali na kitu kilichotengenezwa nayo.

Kuna anayeuliza, kwa nini tutumie risasi, ilhali mawe yamejaa Mwanza nzima? Swali zuri, na jibu lake ni hesabu. Chubwi ya risasi yenye gramu 22 ikizama inapoteza gramu 2 tu kwa kubebwa na maji, inabaki na nguvu ya gramu 20. Jiwe letu la matale haya mnayoyaona mlimani likizama linapoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kupata nguvu ile ile ya gramu 20 ndani ya maji unahitaji jiwe la gramu 32, na ukubwa wake ni mara sita ya chubwi. Ukubwa huo ndio unaokamata kwenye miamba, ndio unaojiviringisha ndani ya macho ya wavu wakati wa kutega. Kwa nyavu za makila, zile za kutega, na kwa nyavu za dagaa, risasi inashinda. Kwa nanga ya kuegesha wavu, jiwe linatosha kabisa, usipoteze metali.

Sasa metali yenyewe inatoka wapi. Hapa mjini chanzo kikubwa ni kwa mafundi tairi: vile vipande vinavyogongewa kwenye ringi wakati wa kubalansi. Ni risasi iliyochanganywa na antimoni kidogo, asilimia 3 au 4 hivi, kwa hiyo ni ngumu kuliko risasi tupu. Chanzo cha pili ni ganda la nyaya nene za zamani za umeme na simu, mabomba ya zamani, na chubwi kuukuu kutoka kwenye nyavu zilizokufa. Hizo nyingi ni risasi laini. Pima kwa ukucha wa kidole gumba: risasi laini inachorwa na ukucha, ile ya tairi inakataa au inaacha alama hafifu.

Usizichanganye kabla hujajua unataka nini. Chubwi ya kubana, ile yenye mfereji unaoikunja juu ya kamba kwa koleo, inataka risasi laini. Ukiimwaga kwa risasi ya tairi itakunjika mara moja, ukiifungua na kuifunga tena itapasuka mgongoni, na wiki ya pili utaiacha ziwani. Chubwi ya tundu, ile inayovishwa kwenye kamba kama ushanga, inataka ile ngumu, kwa sababu tundu lake halipanuki wala kingo hazitafuniki zikisuguliwa na mchanga na ubavu wa mtumbwi. Watu wengi wanalaumu kamba kumbe wamekosea metali.

Lakini siku hizi si kila kipande cha tairi ni risasi. Vipo vya chuma, vipo vya zinki. Vingine vimeandikwa ubavuni: Fe ni chuma, Zn ni zinki. Visivyo na maandishi vijaribu kwa koleo la kukatia waya. Koleo likizama, ni risasi. Likiteleza na kuacha mkwaruzo tu, weka pembeni. Chuma hakina madhara, kitaelea juu ya risasi kama kizibo na utakichota. Zinki ndiyo adui, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi 419, juu kidogo tu ya joto la kazi yetu, na ikishaingia haitoki. Utaijua kwa macho: risasi inakuwa kama uji wenye madonge, haitiririki, na chubwi zinatoka zimekunjamana hata kalibu, kile chombo cha kuzipa umbo, ikiwa na moto. Zinki ya vipande viwili vitatu inaweza kuharibu sufuria nzima. Kwa hiyo unapoyeyusha mali mbichi ya tairi, usipite nyuzi 400, na kila kinachoelea bila kuyeyuka kichote mapema, usikiache kijipikie humo.

Betri. Tunajua mlikuwa mnalingojea neno hili, maana betri za gari na za sola zimejaa na watu wanazisukumia kwenye mkokoteni. Jibu letu ni hapana, na si kwa kuogopa tu. Ndani ya betri, metali halisi ni wavu mwembamba wa bamba na vichwa vya kuungia waya. Kilichobaki, kile kitope cha kahawia na kijivu, ni risasi iliyokwisha kuungana na oksijeni na tindikali, haiyeyuki kwa jiko la mkaa. Inabaki juu kama vumbi, unaichota, unaitupa. Umebeba betri nzito ukapata metali kidogo na jivu la sumu jingi. Zaidi ya hapo, betri nyingi za kisasa zina kalsiamu, na za zamani zina antimoni na aseniki. Mchanganyiko huo ukitoa makapi, yaani lile jivu la juu linalochotwa, na makapi hayo yakaloa, kwa mvua au kwa tindikali iliyobaki, inaweza kutoka hewa ya aseniki, na hewa hiyo inaua. Betri chakavu ni taka hatarishi, zina wakusanyaji wenye vibali, na NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, ndiyo inayosimamia. Mpe anayestahili, uchukue hela yako, ununue vipande vya tairi.

Na msiseme hayo ni mambo ya mbali. Kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar kule Senegali, ni watu wa pwani kama sisi. Walikuwa wanavunja betri na kuchekecha mchanga wenye vumbi la risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walizika watoto 18. Karibu zaidi, Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaharibia watu damu mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Neno la kukumbuka katika habari ya Senegali ni mchanga. Tutalirudia tukifika kwa mama zetu.

Tuingie kwenye vyombo. Sufuria ya nyumbani ni alumini. Usiyeyushie risasi humo. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na mkaa uliopulizwa upepo unapita hapo bila shida. Kabla ya kuyeyuka inalegea, na sufuria nyembamba yenye kilo kadhaa za risasi inaacha kitako chake jikoni. Bati la ndoo nalo usilitumie, limepakwa zinki, na juu ya hilo limeungwa kwa mkunjo tu.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie akukatie bomba jeusi la chuma la inchi 4, lenye unene wa milimita 5, urefu sentimita 12, alifunge chini kwa bamba la milimita 6, na azungushe uchomeleaji mara mbili. Aweke mikono miwili ubavuni. Chombo hicho kikijaa kinabeba karibu kilo 11 za risasi, lakini wewe weka kilo 5 tu, nusu yake. Watu hushangaa udogo wake: kilo 5 za risasi zinaingia kwenye chupa ya maji ya nusu lita na nafasi inabaki. Kabla ya siku ya kwanza kijaze maji ukiache usiku kucha. Kikivuja tone, kirudishe. Kisipovuja, kimwage, kikaushe juu ya moto mpaka kiwe cha moto kabisa, ndipo kiingie risasi.

Jiko la mkaa la kawaida halikutengenezwa kubeba uzito huo juu ya kingo zake. Mwambie fundi huyo huyo akutengenezee kigoda cha nondo chenye miguu mitatu iliyotanuka, sufuria ikae kwenye kigoda na jiko liingie chini yake. Miguu mitatu hailewi kwenye ardhi yenye mabonde, minne hulewa. Chini ya vyote tandaza mchanga kwenye bamba au boksi la chuma, kina cha vidole vitatu. Mchanga wa ziwani unafaa, ila uukaange kwanza mpaka uache kutoa mvuke. Ukiweka jiko juu ya sakafu ya saruji tupu na risasi ikamwagika, unyevu uliomo ndani ya saruji unageuka mvuke na kurusha vipande vya saruji na risasi kwa pamoja.

Tumefika kwenye maji, na hapa tutakaa kidogo. Tone la maji likigeuka mvuke linatanuka zaidi ya mara 1,600. Likidondoka juu ya risasi iliyoyeyuka linacheza cheza na kutoweka, kama tone juu ya kikaango, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Jasho limedondoka, hakuna kilichotokea, wanajiona wana kinga. Shida ni maji yaliyo chini ya risasi. Kipande kibichi kikizama, upawa wenye unyevu ukichovywa, kalibu iliyolala nje usiku ikamwagiwa, mvuke unatafuta njia na njia yake ni kupitia risasi. Sufuria nzima inaweza kuruka usoni. Kwa hiyo mali mbichi haiongezwi kwenye risasi iliyoyeyuka, hata ikionekana kavu. Kipande cha tairi kina upenyo chini ya klipu yake, na upenyo huo hukaa na maji. Panga mali yote sufuriani ikiwa baridi, washa moto, vikauke na kuyeyuka pamoja. Ukitaka kuongeza baadaye, ongeza vipande ulivyokwisha kuvisafisha na kuvimwaga, na kabla ya hapo vikae ukingoni mwa jiko robo saa. Upawa vile vile, uote moto kabla ya kuchovya. Mabomba ya risasi yaliyopondwa ncha yapasue kwa shoka kwanza, maana yanafungia hewa na maji ndani.

Na mvua. Hapa kwetu za vuli na za masika hazipigi hodi, na wingu la ziwani linaweza kukufikia kabla hujakunja turubai. Fanyia kazi chini ya paa lisilovuja, lenye pande wazi. Ukisikia ngurumo na sufuria ina moto, funika kwa bamba la chuma, ondoa jiko chini, nenda zako. Usijaribu kumalizia.

Mavazi hayahitaji fedha nyingi. Yeboyebo hapana, tone la risasi linapita juu ya plastiki na kuichukua plastiki hiyo mpaka kwenye ngozi. Viatu vya ngozi vilivyofungwa. Ukivaa buti la mpira, suruali ikae nje ya buti, isiwe ndani, la sivyo umetengeneza kikombe cha kupokelea. Suruali ya jinzi ya mtumba na shati la pamba la mikono mirefu, si jezi ya mpira wa miguu. Glavu za ngozi za mchomeleaji, miwani inayofunika macho pembeni. Ukiungua, weka maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda zahanati. Dawa ya meno na jivu vinafungia joto ndani na kumpa nesi kazi ya pili.

Risasi tupu inayeyuka kwenye nyuzi 327. Kazi ya kumwaga inafanyika vizuri kati ya nyuzi 370 na 400. Kipimajoto cha kidijitali chenye waya wa kuchovya kinapatikana, na kama mnachanga kikundi kizima, nunueni kimoja. Asiye nacho asome uso wa risasi. Chota juu ikae kama kioo. Risasi laini ikigeuka rangi ya dhahabu halafu buluu au zambarau ndani ya sekunde chache, moto umezidi, vuta jiko nje kidogo. Ukiona chuma cha sufuria kinaanza kuwa chekundu gizani, umevuka nyuzi 500, na kuanzia hapo moshi wa risasi wenyewe unakuwa jambo la kuogopa. Chini ya hapo moshi unaouona ni wa mafuta, rangi na mpira uliokuja na vipande. Feni ya jiko la mota haihitajiki. Mkaa wa kawaida, mlango wa jiko nusu, unatosha.

Mali ikishayeyuka, chota klipu zote za chuma kwa upawa wenye matundu. Halafu safisha. Tupia kipande cha mshumaa ukubwa wa ncha ya kidole gumba, au konzi ya maranda makavu ya mbao. Sisi tunapenda maranda, hayalipuki moto kama nta. Koroga kutoka chini, kwangua kuta na kitako, dakika mbili hivi. Kaboni ya maranda inairudishia metali sehemu ya kile kilichoanza kuwa jivu, hasa antimoni, ambayo ndiyo ugumu wenyewe. Wengi hawalijui hili, wanachota yale magamba ya fedha juu mapema na kutupa sehemu bora. Koroga kwanza, chota baadaye, ukibaki na unga mweusi na kahawia. Unga huo unaingia kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, sio kwingine kokote. Katika kilo 10 za mali mbichi ya tairi usitarajie zaidi ya kilo 8 au 9 safi. Ile safi imwage kwanza kwenye vibati vya chuma kikavu upate matofali madogo ya nusu kilo. Kazi chafu imalize siku moja, kazi ya chubwi ifanye siku nyingine kwa matofali hayo. Tofauti utaiona.

Kalibu ndiyo roho ya kazi, na watu wanaibania. Tunaona za ubao, za udongo, hata za mchanga. Ubao wa mninga utakupa chubwi kadhaa huku ukitoa mapovu, maana ubao una maji ndani hata ukiwa mkavu wa kujengea. Udongo usiochomwa sawasawa ni bomu. Tengenezeni ya alumini, mara moja, itatumika miaka.

Nunua bapa mbili za alumini, kila moja urefu milimita 120, kimo 30, unene 15. Zisugue zikutane bila mwanga kupita, zibane pamoja kwenye jiliwa, zitoboe mashimo mawili ya pembeni na kuzifunga kwa boliti. Sasa toboa kutoka juu kwenda chini, kwa drili ya milimita 10, katikati kabisa ya mstari zinapokutana. Mashimo matano, umbali wa milimita 22 kati ya vitovu vyake. Ukizifungua, kila bapa ina nusu ya kila shimo. Chini weka bamba la chuma la milimita 5 lenye pini tano za nondo ya milimita 4, zimesimama katikati ya kila shimo na kutokeza juu. Pini zipige tupa na msasa zipungue kidogo kuelekea juu, kutoka 4 kwenda 3.6. Risasi ikipoa inajikaza juu ya pini; isipokuwa na mpunguo huo, hutaichomoa hata kwa nyundo. Mwisho, kwenye uso wa ndani wa bapa, chora kwa ncha ya msumeno mikwaruzo myembamba, chini ya nusu milimita, kutoka kila shimo kwenda nje. Hewa inapita hapo, risasi haipiti.

Chubwi inayotoka ina unene wa milimita 10, urefu 30, tundu la 4, na uzito wa gramu 22 hivi. Kilo moja ya matofali inakupa 45 kwa hesabu ya karatasi na 42 kwa hesabu ya mwalo. Mfano: wavu wa mita 90, chubwi kila sentimita 60, unahitaji 150, yaani kama kilo 3 na nusu. Kiasi hicho ni asubuhi moja ya kazi.

Kabla ya kumwaga, zipake kuta za kalibu na pini masizi ya koroboi. Utambi uinue utoe moshi, pitisha kalibu juu yake mpaka iwe nyeusi sawasawa, nyembamba. Usipake mafuta, mafuta yanachemka na kuikunja risasi. Ilaze kalibu ukingoni mwa jiko ipate moto, kisha mwaga. Kijiko kimoja cha mezani kikijaa risasi kina gramu 170, na kalibu nzima inakula 110 tu, kwa hiyo upawa mdogo wa chuma unatosha. Mwaga mfululizo, mkono usisite katikati, na acha kichwa kidogo cha risasi juu ya kila shimo. Risasi ikiganda inanywea, na inanywa kutoka kwenye kichwa hicho. Ukimwaga sawa na ukingo, utapata shimo la ndani, chubwi ina gramu 19 badala ya 22 na hujui kwa nini wavu unaelea upande mmoja. Kichwa kikibadilika kutoka kioo kuwa ukungu, hesabu sekunde tano, fungua, vuta chubwi kwa koleo huku ukizungusha. Vichwa vikate zikiwa bado vuguvugu.

Chubwi tano au kumi za kwanza zitatoka na makunyanzi. Usishtuke, kalibu bado baridi, zirudishe sufuriani. Makunyanzi yakiendelea baada ya hapo, ama kuna mafuta kwenye kalibu ama zinki imeingia. Zikitoka na rangi ya ukungu mweupe, kalibu imezidi moto. Kwa chubwi si kosa, ni dalili tu ya kupumzika. Zikiwa na masikio mapana pembeni, bapa hazikukutana, tafuta punje ya risasi iliyonasa kati yake. Vishimo vidogo vidogo usoni ni unyevu au masizi mazito. Na zile zisizojaa chini ni hewa iliyokosa njia, ongeza mkwaruzo. Ukiona kichwa kinachukua zaidi ya sekunde kumi kuganda, weka kalibu chini na kunywa maji. Maji hayo uyanywe mbali na jiko, baada ya kunawa, na hapa ndipo tunaingia kwenye jivu.

Watu wanaogopa moshi na kufunga kitambaa puani. Katika joto tulilosema, hatari kubwa haipiti puani. Ni unga ule wa juu, na vumbi la mikononi, vinavyoingia kwa mdomo. Unashika chubwi, unashika ugali. Unawasha sigara. Unabana chubwi ndogo ya ndoano kwa meno, na hili tunaliona kila siku. Koleo liwe mfukoni, meno yaache. Nawa kwa sabuni na maji baridi, chini ya kucha pia, kabla ya kugusa chakula. Nguo za kazi zivuliwe pale pale, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto. Na ile imani kwamba glasi ya maziwa inafuta sumu, iacheni. Maziwa ni chakula kizuri, hayasafishi risasi iliyokwisha kuingia kwenye damu na mifupa.

Mtu mzima anaanza na tumbo kuuma na kufunga choo, uchovu, damu kupungua, baadaye kifundo cha mkono kinalegea. Mtoto anaweza asionyeshe kitu; anakuwa mzito tu darasani na mwalimu anamchapa. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wadogo hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya wakubwa kutoka kiasi kile kile, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mama mjamzito asikae kwenye kazi hii hata kwa kukoroga tu.

Mama zetu, hapa ndipo mchanga unaporudi. Wengi wenu mnaanika dagaa juu ya mchanga huu huu, na hata wenye chanja, upepo hauchagui. Kopo la makapi likimwagwa ufukweni, unga ule unabaki miaka, hauozi. Unaingia kwenye dagaa, unaingia kwenye chakula cha kuku, unaenda sokoni na jina la Mwanza. Mna haki ya kumwambia yeyote anayeteleka risasi karibu na kianikio ahame, na BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi wa mwalo, inapaswa kusimama nanyi. Sehemu ya kuyeyushia iwe juu, mbali na maji, mbali na nyumba na vianikio, na wote mjue ni pale na si kwingine. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, kwa hiyo tazameni nani amekaa nyuma ya jiko. Makapi yakusanywe na kikundi, yauzwe au yakabidhiwe pamoja na betri chakavu. Na jiko lililoyeyushia risasi, upawa wake, kopo lake, vipigwe rangi nyekundu. Havirudi jikoni kamwe, hata kwa kuchemshia maji ya kuoga.

Nyongeza moja kwa wavuvi wa ndoano. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 kuuza chubwi za risasi za mshipi zenye uzito kuanzia gramu 0.06 mpaka 28.35, kwa sababu ndege wa majini wakubwa, mabata maji, walikuwa wanazimeza pamoja na changarawe na kufa. Chubwi ya wavu iliyovishwa imara kwenye kamba si tatizo hilo. Vile vipunje vya ndoano mnavyovidondosha ndio tatizo, na kwa vipunje hivyo kijiwe au kipande cha nondo kinafanya kazi ile ile. Nyavu zikifa, vueni chubwi kabla ya kuzitupa. Ni metali safi, iliyokwisha kulipiwa.

Ndugu mwenyekiti, jiko liko tayari chini ya lile banda la juu, kalibu imeshapakwa masizi na matofali yako ukingoni yanakauka. Tutamwaga chubwi 50 mbele yenu, na kipimajoto kitapita mkononi mwa kila anayetaka kusoma. Wenye yeboyebo wabaki nyuma ya kamba. Watoto wapelekwe upande wa mitumbwi. Maji ya kunawa na sabuni viko pale penye mwembe, na chai itatolewa huko huko, baada ya kunawa.